Kingamwili za binadamu dhidi ya virusi: maswali ninayoulizwa mara kwa mara Newala na Mtwara

Ninafanya kazi ya maabara, na kwetu ni Newala. Kila nikirudi likizo maswali hunipokea stendi: dereva wa bodaboda anauliza, mjomba anauliza, na jioni walimu wa sayansi wananitumia ujumbe. Mengi ni yaleyale, nimeyaweka pamoja. Anayeanza aanze juu. Aliyeumwa na mbwa leo asisome yote, aruke moja kwa moja hadi swali la 15.

## Mambo ya msingi

1. Kingamwili ni nini?

Ni protini ambayo mwili huitengeneza ili kutambua kitu kigeni na kukishika. Umbo lake ni kama panda ya manati: mpini mmoja, ncha mbili. Mpini hufanana kwa kingamwili nyingi, tofauti iko kwenye ncha. Ncha huingiana na kipande fulani cha kirusi fulani, na kwingine haikai.

Kila seli B ya damu hutengeneza aina moja tu ya ncha. Mwilini mwako zimo seli B nyingi mno, na sehemu kubwa hazijawahi kukutana na adui wao.

2. Basi kuna tofauti gani na chanjo?

Chanjo huufundisha mwili utengeneze kingamwili zake wenyewe, na somo hilo huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili. Kingamwili ya kuchomwa huja ikiwa tayari. Inaanza kazi siku hiyohiyo, lakini mwili haujifunzi kitu, na kwa kingamwili za kawaida kiasi kilichomo hupungua kwa nusu kila baada ya wiki tatu hivi. Kwa hiyo hufaa pale pasipo na muda wa kusubiri, au kwa mtu ambaye kinga yake ni dhaifu kiasi kwamba chanjo haimsaidii.

3. Hili linatuhusu nini sisi wa kusini?

Linatuhusu hadi kwenye jina. Chikungunya ilielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 huku kwetu, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, enzi hizo ukiwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955. Jina lilitoka midomoni mwa wagonjwa: kwa Kimakonde linahusu kujikunja, jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mtu.

Lumsden aliona pia jambo ambalo mama yeyote wa Newala angemweleza bila utafiti. Uwanda hauna mito. Maji yalifuatwa mbali bondeni, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mitungi ya akiba, na mbu aina ya Aedes alizaliana humohumo ndani. Mbu huyu huuma mchana, hivyo neti ya usiku inamkosa.

Mpaka leo hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kukiua kirusi chenyewe. Mgonjwa hupewa parasetamoli, vinywaji na mapumziko, na wengine viungo huwauma kwa miezi. Kingamwili ni mojawapo ya njia zinazotafutwa.

4. Kwa nini ziwe za binadamu? Panya wana kosa gani?

Panya ndio waliotufungulia mlango. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, waliunganisha seli B ya panya na seli ya saratani. Wakapata seli isiyochoka, inayotoa kingamwili ya aina moja siku zote, na mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Ila ukimchoma mtu kingamwili ya panya, mwili wake huitambua kuwa ngeni na huitengenezea kingamwili za kuipinga. Dozi ya kwanza inaweza kufaa, ya pili ikafutwa haraka au ikaleta mzio. Watafiti wakatafuta njia za kukwepa hilo: kuibadilisha ya panya ifanane na ya binadamu, kufuga panya waliopandikizwa jeni za binadamu, kuokota seli B za mtu aliyepona, au kuchagua jeni za binadamu ndani ya maabara bila kumhusisha mnyama. Ukurasa huu unahusu hiyo ya mwisho.

## Ndani ya maabara

5. Mnaposema "kuonesha" kingamwili, mnamwonesha nani?

Hatumwoneshi mtu, tunakionesha kirusi. Ukiwa na protini mkononi, huwezi kuisoma ujue jeni iliyoitengeneza, na bila jeni huwezi kuitengeneza tena. Ujanja ni kuifunga protini na jeni yake pamoja, kama gunia la korosho lililoandikwa jina la mkulima: ukilishika gunia umempata na mwenyewe.

Anayebeba gunia ni faji, kirusi kinachoambukiza bakteria. Inayotumika sana ni M13, uzi mwembamba ambao urefu wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwaka 1985 George Smith wa Chuo Kikuu cha Missouri alipachika kipande cha jeni ngeni kwenye jeni ya protini iliyo nchani mwa faji, na ile protini ngeni ikachomoza nje huku jeni yake ikibaki ndani. Mwaka 1990 John McCafferty, Greg Winter na wenzao Cambridge wakachomoza ncha ya kingamwili. Smith na Winter waligawana nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2018. Nusu nyingine ilikwenda kwa Frances Arnold.

Faji haibebi kingamwili nzima. Hubeba ile sehemu ya kushikia tu, mara nyingi vipande viwili vilivyounganishwa kwa kamba fupi ya protini. Mpini huja baadaye (swali la 12).

6. Maktaba ya kingamwili ina vitabu?

Ina kichupa kimoja, kidogo kuliko kidole chako. Ndani yake mna faji za aina bilioni moja hadi bilioni 100, kila aina na ncha yake. Jeni za ncha hizo zimenakiliwa kutoka kwenye seli B za watu. Wanaweza kuwa watu wowote wenye afya, au waliopona ugonjwa unaotafutiwa dawa, au waliochanjwa. Nyingine hutungwa maabara.

Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua, nachukua maktaba ya waliopona. Miili yao imeshafanya kazi ngumu ya kuzinoa ncha, sisi tunaokota. Lakini ijulikane kwamba ncha ya kingamwili ina nusu mbili, nzito na nyepesi, na wakati wa kujenga maktaba nusu hizo huchanganywa upya. Jozi utakayoipata huenda haijawahi kukaa pamoja ndani ya mwili wa mtu yeyote.

7. Mnaipataje moja kati ya bilioni zote hizo?

Umewahi kukatiza pori la kishonanguo? Unapita kwenye majani mengi ya kila aina, ukifika nyumbani suruali imeshonwa na mbegu za aina moja au mbili tu. Nyingine zote zilikugusa zikadondoka. Ungetaka kujua ni mbegu gani zinanasa kitambaa, huna haja ya kuzichunguza zote porini. Pita na suruali, kung'uta, angalia kilichobaki.

Suruali yetu ni protini ya kirusi. Kwa chikungunya huwa ile iitwayo E2, iliyo juu ya kirusi na ambayo hutumika kushika seli ya mtu. Tunaigandisha ndani ya kisima cha plastiki usiku kucha. Asubuhi tunaziba sehemu zilizobaki wazi kwa maziwa ya unga yaliyokorogwa, ndiyo, maziwa ya unga. Kisha tunamimina maktaba, tunasubiri saa moja au mbili, tunamwaga. Halafu kuosha: maji ya chumvi yenye sabuni laini, mara kumi, kumwaga na kugonga kisima juu ya karatasi ya kukaushia hadi mkono uchoke.

Zilizong'ang'ania tunazibandua kwa tindikali, tunaiondolea ukali tindikali hiyo haraka, tunazipa bakteria wa E. coli walio katika kasi ya kukua, kwa nyuzi joto 37, nusu saa. Kila faji huingia kwenye bakteria wake na kunakiliwa. Usiku unapita, asubuhi tunaweka chumvi na kemikali ya kuzigandisha, tunazungusha kwenye mashine, na chini ya chupa panabaki utando mweupe kama tui lililoganda. Hapo kuna matrilioni ya faji, na sasa zile zinazonasa ni nyingi kuliko mwanzo.

Tunarudia mara tatu au nne. Kila mzunguko tunapunguza protini ya kirusi na kuongeza kuosha, ili zilizoshika kwa kulegea zidondoke. Mwisho tunaokota bakteria mmoja mmoja na kujaribu faji zake kwenye sahani ya visima 96. Kisima chenye faji inayonasa hugeuka bluu.

8. Kosa gani linawapata sana?

Kupata ulichozibia. Miaka yangu ya mwanzo niliwahi kumaliza wiki tatu za kazi nikiwa na sahani nzima ya bluu. Nikaringa. Mwenzangu akauliza swali moja: visima visivyo na kirusi je? Sikuviweka. Tukaviweka, navyo vikawa bluu. Nilikuwa nimechagua, kwa ustadi mkubwa, ncha za binadamu zinazoshika maziwa ya unga.

Wengine hupata zinazoshika plastiki. Dawa yake ni kubadilisha kizibio kila mzunguko, kupitisha maktaba kwanza kwenye kisima kitupu, na kutoiamini sahani isiyo na visima vya kulinganishia.

9. Lazima iwe faji?

Hapana. Tangu mwaka 1997 ipo mbinu ya hamira, ya Eric Boder na Dane Wittrup. Seli ya hamira huvaa ncha nyingi juu yake, unaipaka kirusi chenye rangi inayong'aa, na mashine huzichambua seli moja moja kwa mng'ao. Maktaba ya hamira huwa ndogo kuliko ya faji, lakini unaona kwa macho nani anashika kwa nguvu kuliko nani, na ncha dhaifu inaweza kunolewa kwa kuibadilisha kidogokidogo. Ipo pia mbinu isiyotumia seli hai kabisa.

## Kunasa na kuzuia

10. Ikishakishika kirusi, si imemaliza kazi?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wenye digrii. Waulize wanaokamata kaa kwenye mikoko ya Lindi au Mikindani. Kumshika kaa si kumfunga magando. Unaweza kumshika gamba la mgongoni na bado akakufinya. Mpaka upitishe kamba kwenye gando.

Kirusi ni hivyohivyo. Kingamwili inaweza kushika kwa nguvu sana upande ambao kirusi hakiutumii, kikaendelea kuingia kwenye seli kana kwamba hakuna kilichotokea. Inayolemaza ni ile inayokaa pale kirusi kinaposhikia seli, au inayokizuia kisijifungue kikishaingia. Mbinu ya swali la 7 huchagua zinazonasa. Haiulizi kama zinalemaza. Kwa hiyo kati ya ncha hamsini zilizogeuza kisima bluu, unaweza kubaki na chache zenye kazi, au usibaki na hata moja.

Baadhi ya zisizolemaza zina msaada mwingine: mpini wao huita seli za kinga zije kula kilichoshikwa. Lakini hiyo ni kazi tofauti na hupimwa tofauti.

11. Mnajuaje kwamba imelemaza?

Kwa kuhesabu matundu. Unaotesha seli za tumbili chini ya sahani hadi ziwe zulia lisilo na upenyo. Pembeni unachanganya kirusi hai na kingamwili, unasubiri saa moja, unamimina juu ya zulia, unafunika kwa uji mzito ili virusi visitembee mbali. Baada ya siku chache unapaka rangi ya zambarau. Kila kirusi kilichofanikiwa kimeua seli za jirani zake na kuacha tundu jeupe. Sahani isiyo na kingamwili ina matundu 60, yenye kingamwili ina 30: umezuia nusu. Kisha unapunguza dozi uone inaanza kushindwa wapi.

Kwa virusi hatari hii hufanywa ndani ya maabara yenye ulinzi wa hali ya juu. Pasipo na maabara hiyo hutumika kirusi bandia, chenye koti la kile hatari na tumbo lisiloweza kuzaliana.

12. Kutoka hapo hadi sindano kuna nini?

Jeni ya ncha huunganishwa na jeni ya mpini wa kingamwili ya binadamu, zikawekwa kwenye seli zinazofugwa matangini. Nyingi hutokana na ovari ya hamsta wa China. Kisha kusafisha, kupima kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha wengi. Ni hatua ndefu na ghali kuliko zote nilizoeleza, na nyingi hufia hapo.

13. Kuna dawa iliyotoka kwa njia hii, au ni maneno tu?

Zipo. Adalimumabu, ya baridi yabisi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2002, nayo ilipatikana kwa faji. Raksibakumabu ya kimeta, inayolemaza sumu ya bakteria, iliidhinishwa mwaka 2012.

Kwa virusi hadithi ni ya kusuasua zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 faji zilizojengwa kutokana na uboho wa mtu mwenye VVU zilitoa b12, mojawapo ya kingamwili za kwanza kuonesha kwamba VVU vya aina nyingi vinaweza kulemazwa na ncha moja. Ilifundisha watafiti mahali pa kulenga, dawa haikuwa. CR6261 ya mafua ilipatikana kwa njia hii, na CR4098 ya kichaa cha mbwa pia, ikafika majaribio ya binadamu. Zile mbili za Ebola zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2020 zilipita njia nyingine: moja ilitoka kwa mtu aliyepona mlipuko wa Kikwit, Kongo, wa mwaka 1995, nyingine kwa panya wenye jeni za binadamu. Anayekuambia faji ndiyo njia pekee, anakuuzia faji.

## Maswali ya pembeni

14. Kirusi kikibadilika je?

Kingamwili inaweza kupitwa. Omikroni ilipotokea mwishoni mwa 2021, kingamwili kadhaa za UVIKO-19 zilizokuwa zinafanya kazi zilipoteza nguvu na matumizi yake yakasitishwa. Kinga ni kutumia mbili au zaidi zinazoshika sehemu tofauti, au kulenga sehemu ambayo kirusi hakiwezi kuibadilisha bila kujiumiza.

15. Mbwa ameniuma leo. Nisubiri kingamwili?

Usisubiri chochote. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nenda kituo cha afya leo hii ukaanze chanjo, hata kama kidonda ni kidogo na hata kama mbwa anajulikana. Usipake unga, mafuta wala majani.

Kwa majeraha yaliyotoboa ngozi daktari huongeza kingamwili kuzunguka kidonda, kwa sababu chanjo bado inafundisha (swali la 2). Kwa muda mrefu zilitoka kwenye damu ya farasi au ya watu waliochanjwa, na ni adimu. Mwaka 2018 WHO ilikubali kingamwili za maabara zitumike badala yake. Ila kinachozuia ugonjwa kwa wingi ni kuchanja mbwa. Wa Lindi na Mtwara wanaukumbuka mradi wa chanjo ya mbwa wa miaka ya 2010.

16. Kingamwili inaweza kudhuru?

Mzio unaweza kutokea, kama kwa dawa yoyote. Kwa dengi kuna jambo la ziada: kingamwili inayoshika bila kulemaza inaweza kukisaidia kirusi kuingia kwenye seli za kinga kupitia mpini. Rudi swali la 10 uone kwa nini tunahangaika na kaa na magando. Mpini unaweza kurekebishwa usishikwe na seli hizo.

17. Kwa nini hazipo zahanati ya kijijini kwetu?

Bei na friji. Hutengenezwa kwa matangi, hutolewa kwa sindano, na nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani. Umeme ukikatika Ijumaa na fundi akija Jumatatu, dawa imekwisha.

18. Niliwahi kuugua chikungunya. Damu yangu inafaa?

Huenda ikafaa sana, kwa sababu za swali la 6. Lakini usimpe mtu damu ya utafiti kwa maneno matupu. Hapa nchini utafiti wa afya unatakiwa uwe na kibali cha maadili, NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) ikiwa ndiyo mamlaka ya kitaifa, na wewe usomewe fomu kwa lugha unayoielewa. Uliza sampuli itakwenda wapi, itakaa muda gani, na ukighairi inakuwaje.

19. Faji ikitoroka itatuambukiza?

Hapana. M13 huingia kwa bakteria wa E. coli wenye aina fulani ya nywele tu. Inachoweza kuharibu ni kazi ya jirani yako maabara, na hapo utachukiwa.

20. Mwanangu anasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), afuate nini?

Baiolojia ya molekuli, bayoteknolojia au sayansi ya maabara za afya. Vyuo vikuu vya UDSM, MUHAS na SUA ni pa kuanzia. Na ajifunze kuosha visima kwa subira.

21. Bibi yangu anasema walitolewa damu wakati wa ule ugonjwa. Ilikwenda wapi?

Sampuli za wagonjwa wa Newala zilifanyiwa kazi Entebbe, Uganda, na R.W. Ross akapata kirusi chenyewe kutoka kwenye damu ya mgonjwa mwenye homa. Alichapisha mwaka 1956. Kizazi cha kirusi hicho bado kinatunzwa kwenye friji na kuoteshwa, na ukipima kingamwili ya chikungunya kwa njia ya swali la 11 unaweza kabisa kuwa unaitumia damu ya Newala. Kinaitwa Ross. Jina la mgonjwa halimo kwenye lebo.